Sebule Isiyokaliwa

Siku zile mtaani kwetu Knightsville, kule Rhode Island, Amerika, mtu aliyetaka kumwona Ottavio Pannozzo hakugonga mlango wa mbele. Mlango wa mbele ulikuwa wa mwaloni, una kioo cha rangi na kitasa cha shaba, na ukiugonga ungesubiri mpaka uote mizizi. Ulizunguka ubavuni mwa nyumba, ukapita chini ya mizabibu, ukashuka ngazi za saruji na kusukuma mlango wa mbao uliokwaruzwa na paka. Hapo chini ya ardhi ndipo ulipowakuta watu: Ottavio na gazeti lake, mkewe Ersilia na sufuria zake, soseji zimetundikwa darini, pipa la divai pembeni, na joto la kukuvua koti bila kuambiwa.

Juu ya vichwa vyao kulikuwa na nyumba nzima. Sebule ya juu ilikuwa na makochi ya mahameli ya rangi ya dhahabu, yaliyofunikwa nailoni nzito tangu siku yalipotoka dukani. Kulikuwa na meza ya kulia ya watu kumi na wawili ambayo haijawahi kumwagikiwa mchuzi. Kulikuwa na jiko la gesi jeupe ambalo halijawahi kuchemsha hata maji ya kahawa. Ottavio na mkewe walipanda huko kwenda kulala tu, viatu mkononi, wakipita ukingoni mwa zulia utadhani wezi. Waliowahi kuikalia nailoni ile ni padre aliyekuja kubariki nyumba kila Pasaka, mpiga picha wa harusi ya binti yao Loredana, na bwana mmoja wa bima aliyekosea njia akagonga mlango wa mbele, Ottavio akaona haya kumzungusha.

Usicheke. Nusu ya nyumba za watu wetu wahamiaji zilikuwa hivyo. Tuliotoka kwenye vijiji vya milimani, tuliolala wanane chumba kimoja na mbuzi upande wa pili wa ukuta, tulipopata sebule hatukujua pa kuyaweka makalio yetu. Tukaiweka sebule kwa ajili ya mgeni wa maana, sisi wenyewe tukarudi chini kwenye moshi wa vitunguu, na tukaona ndiyo heshima.

Ersilia alipanda kila Jumamosi na ndoo yake kuisafisha.

"Nasafisha nyumba ya nani?" aliuliza akishuka, mkono kiunoni.

"Yetu," alijibu Ottavio bila kuinua macho gazetini.

"Hao sisi wanakaa wapi? Mbona sijawahi kuwaona?"

Ottavio alikunja gazeti. Hakuwa mtu wa kuchekea nyumba ile. Aliijenga kwa mikono yake, Jumamosi kutwa na Jumapili baada ya misa, na hakuna tofali lililoingia ukutani ambalo hakulipima kwanza kwa jicho na kwa timazi. Ukimwuliza ni nani aliyemsaidia, alikuwa na jibu moja: "Amerika." Kisha angekueleza, utake usitake, jinsi alivyoshuka melini mwaka wa hamsini na sanduku lililofungwa kwa kamba, hajui hata kuomba maji kwa lugha ya wenyewe, na mtazame leo, ana kampuni ya waashi kumi na wawili, gari mbili na nyumba ya matofali mekundu. "Nchi hii hainyimi mtu," alisema, akigonga meza kwa kidole cha shahada. "Anayetaka anapata. Ukimwona hakupata, ujue hakutaka vya kutosha."

Kuna jambo moja tu katika hadithi hiyo alilokuwa akiliruka. Sanduku lile la kamba halikuwa lake peke yake. Lilikuwa lake na mdogo wake, Sisto.

Walivuka bahari pamoja, wakalala kitanda kimoja kwa zamu katika nyumba ya mjomba wao, wakaanza kazi ya uashi siku moja kwa mkandarasi mmoja. Sisto alikuwa mwembamba, mwepesi, mcheshi hata akiwa na mfuko wa saruji begani. Wazee wa kazi walimpenda zaidi yeye. Kama ungewauliza wakati ule ni yupi kati ya wale ndugu wawili atakayejenga nyumba ya matofali, wangekuonyesha Sisto, na Ottavio asingekasirika, maana hata yeye aliamini hivyo.

Kisha ikaja asubuhi ile ya Julai, mwaka wa hamsini na saba. Jana yake ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria wetu, Ottavio amebeba sanamu begani mtaa mzima na baadaye amebeba divai tumboni. Alifika kazini macho mekundu, kichwa kinamgonga. Ilikuwa zamu yake kupanda jukwaa la waashi, ghorofa ya pili, kwenye ukuta wa mashariki.

"Mdogo wangu," alimwambia Sisto, "panda wewe leo. Mimi nikitazama chini nitatapika."

"Nikupandie jukwaa, utanipa nini?"

"Nitakupa baraka za Bikira. Nimembeba jana, tunaelewana."

Sisto akacheka, akapanda. Saa nne ubao ukavunjika. Alianguka na beseni lake la saruji, akaangukia ubavu, na nyonga iliyovunjika siku ile haikuunga sawa tena. Mkandarasi alilipa hospitali kidogo, akamshukuru kwa kazi nzuri, akamwambia asirudi. Baada ya miezi miwili alihitaji msimamizi mpya wa kundi. Akamchukua aliyebaki na miguu miwili.

Usimamizi ukamfundisha Ottavio namna kazi zinavyopatikana, namna hiyo ikamzalia kampuni, kampuni ikamzalia nyumba. Sisto akapata kazi ya kufagia katika kiwanda cha vito vya bei rahisi mjini Providence. Kulikuwa na msichana, lakini baba yake alitaka mkwe anayeweza kupanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Kwa hiyo Sisto akabaki peke yake, kwenye chumba cha kupanga juu kabisa ya nyumba moja ya mbao ya ghorofa tatu, na kila siku alizipanda ngazi zile akiuvuta mguu wake na kuupigia kelele kama punda mkaidi.

Ndugu hawa hawakuizungumzia asubuhi ile hata siku moja. Sisto hakuitaja. Ottavio hakutajiwa, akashukuru, na kadiri miaka ilivyopita akajizoeza kuisimulia Amerika bila ile asubuhi ndani yake. Ndipo alipoanza kugonga meza kwa kidole.

Msidhani alikuwa mnyimi. Sisto alikuja kila Jumapili, akala mpaka akafungua mkanda, akarudi na chupa za divai, mitungi ya nyanya na koti la Ottavio la mwaka juzi. Alipewa kila kitu kilichowezekana kubebwa kutoka kule chini. Watu walimsifu Ottavio kwa hilo, naye alizipokea sifa.

Jumapili moja ya Novemba, mwaka wa sabini na saba, walikuwa wamemaliza kula. Ersilia alikuwa amewamwagia sima ya mahindi kwenye ubao mkubwa katikati ya meza, mchuzi na soseji juu yake, kila mtu akila kutoka upande wake kuelekea kati, kama walivyofanya mama zao. Loredana na mumewe walikuwa wameshaaga. Sisto alikuwa amefuta ndevu zake kwa mkate, anachezea kisu.

"Kaka," alisema, "kile chumba cha nyuma kule juu, alichokuwa akilala Loredana, sasa kinalala nani?"

"Hakilali mtu. Nimekiwekea kitanda kipya, na kabati lake."

"Masikini kitanda. Kulala peke yake wakati wote."

Ersilia akacheka. Ottavio naye akatabasamu, akidhani ni mzaha.

"Daktari amenitazama nyonga," Sisto akaendelea, bado macho yakiwa kwenye kisu. "Anasema ngazi basi. Anasema nikizipanda majira haya ya baridi nitazishuka kwa machela. Nikamwambia, daktari, nyumba ina ghorofa tatu, mimi niko ya tatu, unataka nirukie dirishani? Akasema nihamie chini. Chini wanakaa Wareno wana watoto sita, hawatoki." Akakiweka kisu. "Nimefikiria kile chumba. Mpaka Pasaka tu, au mpaka nipate cha chini mahali. Bafu liko jirani, mlango wa mbele una ngazi tatu tu. Kodi nitatoa. Na makochi yako sitayagusa, nikiona uchovu nitakaa sakafuni."

"Shemeji, kodi ya nini?" Ersilia akadakia. "Njoo hata kesho. Nitakutandikia mimi."

Ottavio alikuwa akiukwangua ubao wa sima kwa ukucha.

Tuseme alichokiona, maana alikiona waziwazi. Alimwona Sisto asubuhi, katika ile korido yenye zulia, akitoka bafuni na mguu wake. Asubuhi ya leo, na ya kesho, na ya kesho kutwa. Kila akifungua mlango kwenda kazini, mguu ule ungekuwa umetangulia. Nayo nyumba, ambayo kila tofali lake lilisema *nilitaka, nikapata*, ingekuwa imeweka ndani yake mtu aliyetaka vilevile, aliyefanya kazi vilevile, akapata nyonga mbovu kwa sababu kaka yake alikunywa divai. Chini kule, Jumapili, saa chache, kukiwa na chakula na kelele, aliweza. Kule juu asingeweza.

"Kile ni chumba cha wageni," alisema mwishowe.

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni ndugu."

Sisto akamtazama. "Basi leo nimeijua hasara ya undugu."

"Usinigeuzie maneno. Miaka yote hii, Sisto, umekaa kwenye kile kichumba kama ndege kwenye bomba la moshi. Wengine waliokuja nyuma yetu wana nyumba. Yule kiziwi wa kwa Ruggieri ana nyumba! Kwa nini wewe huna? Weka akiba, acha bahati nasibu na sigara, tafuta nyumba ndogo ya chini, mimi nitakujia na vijana tuitengeneze bure. Hujachelewa. Nchi hii hainyimi..."

"Ottavio," Ersilia akasema.

"...mtu. Nikikupa chumba nitakuwa nimekulemaza."

Neno hilo lilimtoka kabla hajalitazama. Wote watatu wakalisikia likitua mezani. Sisto, ambaye angeweza kusema lolote pale, na alikuwa na haki ya kulisema, akachukua kofia yake.

"Hapo umenikuta, kaka," alisema. "Kulemaa sitaki." Akambusu Ersilia mashavuni, akachukua mtungi wake wa nyanya, akapanda zile ngazi za saruji moja moja, akishika ukuta. Ottavio alisikia kila hatua, hakunyanyuka.

Mlango ulipofungwa, Ersilia alivua aproni, akaikunja vizuri kabisa, na hiyo ndiyo dalili iliyoogopwa na mtaa mzima.

"Umemkatalia ndugu yako chumba kisichokuwa na mtu."

"Hukunielewa."

"Mimi? Mimi nimekufulia miaka ishirini na minne, nikuelewe vipi zaidi? Umeweka sebule pale kama altare. Nani atakuja, Ottavio? Nani huyo mgeni? Rais? Akija atakuta vumbi nimelifuta, sawa, lakini atauliza, bwana Pannozzo, ndugu yako yuko wapi? Utamwambia yuko juu ya ghorofa ya tatu anaweka akiba?"

"Yatosha."

"Mwambie aje."

"Nimesema yatosha!"

Hakumwambia. Kila Jumapili alidhamiria kumwambia, na kila Jumapili Sisto alikuja na vichekesho vyake, akala, akaondoka, hakugusia tena habari ya chumba. Ottavio akajipa moyo kwamba jambo limepoa. Labda baada ya Krismasi, alijisemea. Krismasi ikapita. Labda nyonga ikizidi. Siku za Jumatano Ersilia alikwenda mjini na sufuria ya supu, akapanda zile ngazi za ghorofa tatu, na aliporudi hakusimulia chochote, naye mumewe hakuuliza. Amani ya namna hiyo iko katika nyumba nyingi na watu huiita mapatano.

Februari ikaja na ile dhoruba ambayo hata leo watu wa Rhode Island wakikutana hawakosi kuitaja. Theluji ilianza asubuhi ya Jumatatu kwa upole, mchana haikuonekana barabara, jioni magari yalikuwa yameachwa njia kuu na wenyewe wanatembea kwa miguu wakishikana makoti. Kesho yake mlango wa ubavuni haukufunguka, umezibwa mpaka kwenye kitasa. Ottavio akatoka kwa dirisha na koleo.

"Mpigie Sisto," Ersilia akamwambia.

"Hana simu."

"Wapigie Wareno."

Wareno walisema Sisto mzima, wamempelekea mafuta ya jiko. Kesho yake tena walisema mzima, anaimba, wanamsikia mpaka chini. Ottavio akacheka kwa furaha halisi, na palepale, huku ameshika simu, akakata shauri. Barabara zikifunguliwa tu, alimwambia mkewe, nakwenda na lori namleta. Kile chumba cha nyuma. Tandika.

Ersilia hakusubiri aseme mara mbili. Alipanda na mashuka.

Wale Wareno ndio waliopiga simu safari iliyofuata. Sisto alikuwa ameshuka kutafuta mkate na maziwa. Walimwambia akae, watoto watamletea, naye akawajibu kwamba mtu akikaa sana juu kule ataanza kutaga mayai. Ngazi ya nyuma ilikuwa ya nje, ya mbao, imeshika barafu. Alianguka kutoka ghorofa ya pili. Walimfunga kwenye ubao wa watoto wa kuteleza kwenye theluji, wanaume wanne wakauvuta mpaka hospitali kwa miguu, maana hata gari la wagonjwa halikupita, na njia nzima, walisema, aliwatania juu ya uendeshaji wao.

Ottavio alitembea. Alitoka Knightsville kwa miguu akafuata barabara iliyozikwa, theluji mapajani, mtu wa miaka hamsini na miwili, akipita paa za magari. Alidondoka akainuka. Alisema kwa sauti, kwa lugha ya kijijini kwao, mambo ambayo alipaswa kuyasema mezani Novemba: njoo, kitanda kipya, njoo ukae popote, vunja hata jiko. Alipofika walimpa kofia ya Sisto ikiwa kwenye mfuko wa karatasi.

Mazishi yalichelewa kwa sababu ardhi na barabara hazikuwa tayari. Siku yenyewe ilipofika kulikuwa na jua, na theluji iliyorundikwa kando ya njia imekuwa nyeusi. Ottavio aliondoka makaburini kabla ya wote. Alifika nyumbani, akafungua mlango wa mbele kwa ufunguo uliokuwa mgumu kwa kukosa kazi, akawasha taa zote za sebule. Kisha akatoa kisu mfukoni akaichana nailoni ya makochi, kochi baada ya kochi, akaikunjakunja akaitupa uani. Mahameli ilikuwa kama siku iliyonunuliwa. Akaweka glasi walizopewa kwenye harusi yao juu ya meza ya watu kumi na wawili, na chupa, na vikombe, akasimama mlangoni na suti yake nyeusi kuwangoja watu.

Wakaja. Waashi wa kampuni na wake zao, wafagiaji wenzake Sisto wa kiwandani, wale Wareno na watoto sita. Waliegesha magari yao, na wa kwanza, mwashi mzee aitwaye Gelsomino, akashika njia ya ubavuni, chini ya mizabibu. Wengine wakamfuata.

"Juu!" Ottavio akaita. "Gelsomino! Leo ni juu! Piteni mbele!"

Gelsomino akasimama, akatazama ule mlango wa mwaloni, akatazama viatu vyake vya matope ya makaburini.

"Hapana, bosi, tutakuharibia. Sisi tunaijua njia."

"Nimetoa nailoni. Piteni, kuna viti."

"Asante, asante. Hapa panatutosha." Akagusa kofia yake kwa heshima, akashuka. Wale Wareno, ambao hawakuwa wamefika pale hata mara moja, wakaona wenyeji wanapita wapi, wakapita hapohapo.

Ottavio akabaki amesimama na mlango wazi mpaka baridi ikajaa ndani. Akaufunga. Akaketi kwenye kochi kwa mara ya kwanza tangu alinunue. Chini ya miguu yake zilianza kelele: viti vinavutwa, vijiko, kisha mtu akaanza kusimulia kisa cha Sisto na kiwanda, na kicheko kikapasuka, kikubwa, cha watu wengi, kikapanda kupitia sakafu.

Baada ya muda Ersilia akapanda. Alisimama kwenye ukingo wa zulia kwa mazoea, viatu mkononi.

"Wanakuulizia."

"Nipashie kahawa hapa," alisema Ottavio. "Kwenye lile jiko."

Ersilia akaenda jikoni. Alisikika akifungua na kufunga vitu. Akarudi mikono mitupu.

"Sijui linavyowashwa," alisema.

Ottavio akainamisha kichwa. Akampa nafasi kando yake kwenye kochi, naye Ersilia, baada ya kusitasita, akaketi pembeni kabisa, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

"Ile siku alipoanguka jukwaani," Ottavio alianza.

"Najua."

"Hujui. Ilikuwa zamu yangu."

"Najua, Ottavio. Alinieleza yeye, pale hospitali, mwaka uleule. Akaniapisha nisikuonyeshe kwamba najua. Alisema ukijua kuna mtu mwingine anayejua hutakula tena."

Chini wakacheka tena. Ottavio alimgeukia mkewe. Alikuwa na swali lililomkaa kooni tangu Novemba, na sasa hakuwa na wa kumwuliza isipokuwa huyu aliyepanda zile ngazi kila Jumatano na supu.

"Nilipomnyima chumba. Alikuambia nini?"

Ersilia alitazama mikono yake. Angeweza kumdanganya, na alifikiria kumdanganya.

"Mimi nilikuwa nimefura. Nilimwambia nitakuleta kwa sikio, ukamwombe radhi. Akasema, 'Mwache, shemeji. Nikilala kule atalazimika kuniona kila asubuhi, na yeye hataliweza hilo. Mimi ngazi naziweza.'"

"Alikuwa amekasirika?"

"Hapana."

"Niambie kweli."

"Hakukasirika hata kidogo," Ersilia akasema. "Alikuwa anakuonea huruma."

Ottavio Pannozzo, mwenye kampuni na gari mbili na nyumba ya matofali mekundu, akajifunika uso kwa mikono yake ya uashi, akalia kwa sauti katikati ya sebule yake, na wale waliokuwa chini wakanyamaza wote, wakatazama dari, lakini hakuna aliyethubutu kupanda.